Ifahamu Mwanza: Samaki, dhahabu na siasa za Kanda ya Ziwa

Ukitaja Mwanza, wengi wanafikiria mawe na sangara. Ni kweli, lakini si hayo tu. Hili ni jiji la pili kwa ukubwa Tanzania, na sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 3.7 katika mkoa mzima. Haya ndiyo ya kujua.

Samaki
Tanzania ina asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Kenya 6. Sangara si wa asili humo, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Minofu yake husindikwa Mwanza na kupelekwa nje, hasa Ulaya. Mabondo huenda China, na bei yake inaiacha minofu mbali sana. Mwananchi wa kawaida anabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, pamoja na dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko linalovuta wanunuzi hadi wa Congo.

Shida ni kwamba sangara wamepungua. Kiwanda kikikosa samaki, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni kibarua wa siku. Ndiyo maana serikali inapiga vita nyavu haramu na kuhimiza ufugaji wa sato kwenye vizimba.

Pamba na dhahabu
Kabla ya sangara, hela ilikuwa kwenye pamba. Miaka ya 1950 Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa Usukuma katika ushirika, baadaye akawa Waziri wa Fedha. Siku hizi dhahabu ndiyo inatajwa zaidi. Mgodi mkubwa uko Geita, mkoa uliozaliwa 2012 ukichukua sehemu ya Mwanza. Juni 2021 Rais Samia alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza.

Usafiri
Reli ya zamani ilifika 1928. Ya kisasa, Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ilianza kujengwa 2021. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Pale watu walikuwa wanasubiri kivuko, hata wakiwa na mgonjwa. Sasa unavuka kwa dakika chache.

Siasa
CCM ina mizizi hapa, na hayati Rais Magufuli alikuwa mtu wa Chato, ng'ambo ya ziwa. Lakini jiji lina kichwa chake. Mwaka 2010 Chadema ilichukua Nyamagana na Ilemela, kisha CCM ikayarudisha 2015. Uchaguzi wa Oktoba 2025 Chadema haikuwemo. Maandamano yalizuka miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, na intaneti ikazimwa nchi nzima.

Daraja limekamilika na reli inajengwa. Linalobaki kwa kijana wa Mwanza ni ajira: sangara akizidi kupungua, atafanya kazi wapi?