Rufaa dhidi ya uthamini wa kodi ya majengo

Rufaa dhidi ya uthamini wa kodi ya majengo ni njia ya kisheria inayomwezesha mmiliki kupinga thamani ya jengo lake iliyokadiriwa na mthamini ili kukokotoa kodi. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1983 inayohusu kodi hiyo katika mamlaka za miji iliweka mabaraza ya kusikiliza pingamizi dhidi ya daftari la uthamini, yaani orodha ya majengo na thamani zake.

Katika kata ya Kolandoto, Manispaa ya Shinyanga, kama kwingineko nchini, nafasi ya rufaa hiyo imefifia kwa kuwa kodi hutozwa kwa kiwango maalumu kisichotegemea thamani ya jengo; tangu Agosti 2021 kiwango hicho hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na mwaka 2023 kilipandishwa hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji huyaona makato hayo kwenye risiti yake, ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Kinachobaki kupingwa ni jengo moja kutozwa kwenye mita mbili, au mzee wa miaka 60 kutopewa msamaha wa nyumba anayoishi. Mfumo huu una upungufu mkubwa, kwa kuwa nyumba ya vyumba viwili na jumba la kifahari lisilo la ghorofa hulipiwa sawa, na mwenye nyumba ndogo hana thamani ya kuikatia rufaa.