Bima ya safari inayokatwa siku za mwisho

Bima ya safari ni mkataba ambao kwa ada inayolipwa mara moja, kampuni ya bima huchukua dhamana ya matibabu ya dharura, kumrudisha mgonjwa kwao, mizigo iliyopotea na safari iliyovunjika. Aghalabu hukatwa mwisho kabisa, tiketi na viza zikiwa tayari mkononi. Kuikata siku moja kabla ya kuondoka kunakubalika. Chini ya Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009, jambo la msingi ni kwamba ulinzi hauanzi kabla ya ada kulipwa.

Anachopoteza mchelewaji ni ile sehemu ya mkataba inayofidia safari kuahirishwa. Aliyekata bima siku aliponunua tiketi analindwa wiki zote za kusubiri. Aliyekata jioni ya kuamkia safari amelindwa usiku mmoja tu. Zaidi ya hapo, bima hulipia ambalo halijajulikana bado. Mapema Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Mtu wa kukata bima baada ya tahadhari ile asingekuwa na dai lenye nguvu kwa boti iliyokwama. Ndivyo ilivyo pia kwa maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo tayari: mikataba mingi huyatenga, na kuyaficha kwenye fomu ndiyo njia ya haraka ya kunyimwa fidia.

Kwa mgeni anayelala Bagamoyo kisha kuvuka kwenda Unguja, kuna sharti la pekee. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, ikidumu siku 92. Bima aliyoikata kwao haiondoi sharti hilo. Hiyo ya Zanzibar hununuliwa kwa mtandao, hata ikiwa imebaki siku moja. Lakini imekusudiwa kwa siku za kukaa visiwani. Siku za bara, za kuzuru magofu ya Kaole au Hifadhi ya Taifa ya Saadani, zinahitaji bima nyingine. Katika bajeti ya 2025/26 serikali ilipendekeza sharti la namna hiyo kwa wageni wa Tanzania Bara.

Kwa pwani ya Bagamoyo, kipengele cha kusomwa kwanza ni usafiri. Mikataba mingi haimlipii aliyeumia juu ya bodaboda bila kofia ngumu, wala aliyepanda chombo kisicho na kibali cha kubeba abiria, na jahazi la mizigo ni mojawapo. Cha pili ni kuhamishwa mgonjwa. Majeruhi mahututi wa Bagamoyo hupelekwa Dar es Salaam, mara nyingi Muhimbili, hospitali ambayo chimbuko lake ni ile iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyezipatia bidhaa na wapagazi misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19. Aliye ndani ya Saadani huenda akahitaji ndege. Flying Doctors wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, huwahamisha wagonjwa wa namna hiyo na huuza kinga yao wenyewe.

Wenyeji nao hukata bima, hasa wakienda Ulaya. Wasanii wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, wanapoalikwa kwenye matamasha huko huombwa hati ya bima pamoja na fomu ya viza ya Schengen: kiwango kisichopungua euro 30,000, kikifunika matibabu na kurudishwa nyumbani katika nchi zote za Schengen. Maombi ya viza hupelekwa angalau siku 15 kabla ya safari, kwa hiyo hapa bima ya usiku wa mwisho haisaidii. Ni vema kumwuliza wakala, kabla ya kulipa, kama ada hurudishwa viza ikikataliwa.

Jina na tarehe kwenye hati viwe sawasawa na pasipoti. Namba ya dharura iandikwe pembeni, nje ya simu, kwa sababu kampuni nyingi hutaka kujulishwa kabla ya mgonjwa kulazwa. Risiti za hospitali zitunzwe, na mali iliyoibwa iripotiwe polisi upesi, kwani bila taarifa ya polisi dai la wizi halipokelewi kwa urahisi. Uhalali wa kampuni au wakala huulizwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).