Bima ya Afya: Nani Abebe Mzigo wa Mgonjwa?



Tarehe 9 Julai 2011, siku bendera ya Sudani Kusini ilipopandishwa hapa Juba, Katiba ya Mpito ilianza kutumika. Ibara yake ya 31 yaagiza kila ngazi ya serikali kuwapa raia wote huduma za msingi za afya na za dharura bila malipo. Hiyo ni ahadi nzito. Lakini muuza mboga wa soko la Konyokonyo anajua kwamba dawa isipokuwapo hospitalini, safari huendelea hadi duka la dawa, na huko hutakiwa fedha taslimu. Ndiyo maana mazungumzo juu ya bima ya afya hayakwepeki. Hata hivyo, kabla ya kuchagua bima, hatuna budi kujua ziko za aina gani na kila moja ilizaliwaje.

Aina ya kwanza hutegemea mshahara. Ilianzia Ujerumani mwaka 1883, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani: mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango, na mwajiri theluthi moja. Kenya iliunda mfuko wake mwaka 1966. Tanzania ilitunga sheria mwaka 1999, na mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, mtumishi akikatwa asilimia 3 na mwajiri akiongeza 3. Nguvu ya bima hii ni kwamba mchango hukatwa kabla mshahara haujafika mfukoni. Udhaifu wake ni kwamba asiye na mshahara huachwa nje.

Aina ya pili hutoka katika kodi. Haina kadi ya uanachama, bali hazina ya taifa ndiyo humlipia mgonjwa. Uingereza iliuanza utaratibu huo tarehe 5 Julai 1948. Tanzania nayo ilitibu watu bure kwa miaka mingi, mpaka bajeti ilipozidiwa na wananchi wakaanza kuchangia gharama mwaka 1993.

Aina ya tatu ni ya jamii. Mwaka 1996, wilayani Igunga, Tanzania, kila kaya ilianza kutoa mchango mmoja kwa mwaka ili itibiwe katika zahanati yake, na serikali ikaongeza kiasi sawa na kilichokusanywa. Nyongeza hiyo ya serikali iliitwa “tele kwa tele”. Lakini wanachama hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa kujiunga kulikuwa hiari na mara nyingi zahanati zilikosa dawa. Rwanda ilifanya majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999, kisha ikaueneza mpango wake nchi nzima, ikaufanya kuwa wajibu wa kila mtu, na kuwalipia walio maskini kabisa. Leo Wanyarwanda walio wengi wamo.

Aina ya nne huuzwa na makampuni. Hapa Juba hukatwa zaidi na mashirika na makampuni kwa ajili ya watumishi wao. Kampuni hupima hatari, huweka kikomo cha malipo, na huorodhesha magonjwa isiyoyalipia. Ajira ikikoma, kwa kawaida na kadi hukoma.

Je, Juba ishike njia ipi? Khartoum ilipotunga sheria ya bima ya afya mwaka 1994, Kusini kulikuwa vitani, na vita hivyo vilivyoanza mwaka 1983 havikwisha hadi mwaka 2005. Baada ya uhuru, sehemu kubwa ya gharama za zahanati ilibebwa na wafadhili. Mfuko wao wa pamoja ulioanza mwaka 2012 ulifikia ukomo mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2024, watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mishahara. Ni wazi, basi, kwamba bima ya mshahara peke yake itakatwa kwenye mshahara usiofika, na itawaacha nje mkulima, mfugaji na mwendesha bodaboda, ambao ndio wananchi walio wengi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mchango wa jamii unahitaji mkono wa hazina, na hazina ya Sudani Kusini ina mafuta ya kutegemea kuliko za majirani wengi. Mwaka 2001 mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo ndiyo kipimo. Igunga nayo imetuachia somo la utaratibu: dawa zitangulie kufika zahanati, ndipo kadi ziuzwe. Mwananchi aliyelipa mchango, kisha akaelekezwa duka la dawa, hatalipa mara ya pili, wala jirani yake hatalipa mara ya kwanza.