Nani Ameshika Kalamu ya Ramani? Kutoka Dodoma ya 1973 Hadi Chemba ya Leo

Ukipanda basi Dodoma kwenda Kondoa, utapita Chemba. Chungulia dirishani: fremu za maduka, matofali yamepangwa, msingi ambao bado haujapandishwa ukuta. Jiulize, nani ameamua pale pawe duka na si njia ya maji ya mvua? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo, Dodoma mjini.

Mwaka 1972 serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Jina linapendeza, lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa na kazi zao wakapewa maofisa wa mkoa na wilaya. Oktoba 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA. Ramani ya mji ilikamilika 1976, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Na tusidanganyane, haikuwa ramani mbaya: iliwafikiria watembea kwa miguu na mabasi kabla ya magari binafsi. Ila ilichorwa wakati mji hauna baraza la madiwani.

Huduma za mijini zilidorora nchi nzima, na 1977 kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria. Hapo Dodoma ikawa na wakubwa wawili: halmashauri inazoa taka na kusikiliza malalamiko, CDA imeshika ardhi. Diwani uliyempigia kura hakuwa na neno juu ya kiwanja chako. Hati yenyewe ilikuwa ya miaka 33, wakati kwingine watu walipata 99.

Watu nao hawakuacha kuja. Mtu akikosa kiwanja hajengi hewani, anajenga anapoweza. Ndivyo makazi kama Chang'ombe yalivyokua bila mpango. Ikafuata migogoro ya viwanja na bomoabomoa, mpaka Mei 2017 Rais Magufuli alipoivunja CDA na majukumu yake yakahamia manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji.

Kwa hiyo Dodoma haikukosa wataalamu wala michoro. Ilikosa mtu mwenye kalamu ambaye mwananchi angeweza kumuuliza, na akizidi kukaidi, amwondoe kwa kura.

Sasa turudi Chemba. Wilaya hii ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Barabara ya lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na lami huvuta nyumba kama taa inavyovuta kumbikumbi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Hapa hakuna CDA ya kulaumu.

Kupima barabara ya mtaa kwenye shamba tupu ni kazi ya kamba na vigingi. Kuipitisha katikati ya nyumba zilizosimama ni fidia, kesi na machozi. Chemba bado ina nafasi ya kuchagua la kwanza, lakini nafasi hiyo inapungua kila msingi unapochimbwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Kama umetimiza miaka 18, wewe ni mjumbe. Nenda ukaulize: ramani yetu iko wapi, mtaro utapita wapi, na uwanja wa watoto kucheza nani kautenga? Ukingoja mpaka nyumba ziwekewe alama ya X, utakuwa umechelewa.