Kabla ya Friza: Chapati na Sambusa Katika Njia ya Kilwa

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini, baada ya kuvuka Rufiji na kupita Somanga, njia hufika Nangurukuru na kugawanyika. Anayekwenda Lindi na Mtwara huendelea mbele. Anayekwenda Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko hukata kushoto, kuelekea baharini. Basi likisimama hapo, chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha na korosho huinuliwa hadi madirishani, na abiria hulipa huku dereva akipiga honi.

Katika supamaketi za Dar es Salaam vitu vya ukoo huohuo vimelala ndani ya friza, vingi vikiwa vimetoka India: paratha zilizotenganishwa moja moja kwa karatasi ya plastiki, sambusa za mboga ambazo hazijakaangwa, naan, kachori. Kati ya dirisha la basi na friza ile kuna historia ndefu, na sehemu kubwa yake ni habari ya kitu gani kiliweza kuvuka bahari bila kuharibika na kipi hakikuweza.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alishuka Kilwa Kisiwani wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Kabla ya hapo, Mogadishu, alikuwa amelishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Alisimulia chakula hicho kwa utamu. Kuhusu Kilwa alisimulia ukarimu wa sultani, akaacha habari za jikoni. Miaka michache baadaye alikuwa India ya kaskazini, katika himaya ya Muhammad bin Tughluq, na huko akaeleza kitu ambacho msomaji wa Kilwa leo hahitaji kufafanuliwa: nyama iliyosagwa, ikapikwa na lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ilikuwa sambusa. Hata huko ilikuwa mgeni aliyezoeleka, kwa maana ilitoka Uajemi, na vitabu vya upishi vya Baghdad ya Bani Abbasi viliijua karne kadhaa kabla.

Kwa hiyo mtu huyohuyo aliiona Kilwa na aliila sambusa, ila hatuwezi kuviunganisha viwili hivyo. Tunachojua ni kwamba Kilwa ya wakati ule ilifanya biashara na Gujarat. Shanga na vitambaa vya Cambay vilishushwa katika bandari hizi, na dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu zikapakiwa. Pepo za kaskazi zilileta majahazi, za kusi zikayarudisha. Safari ilihesabiwa kwa wiki, na chakula kilichopikwa hakikustahimili joto la wiki nyingi baharini. Wagujarati walikuwa na jibu lao: khakhra, mkate mwembamba unaokaushwa juu ya kikaango hadi uvunjike kwa kidole, na ambao hukaa wiki kadhaa. Kilichovuka bahari kwa karne nyingi kilikuwa kitu kikavu: nafaka, dengu, bizari, pilipili manga. Mapishi yenyewe yalivuka ndani ya kichwa cha mpishi.

Halafu wakaja Wareno. Francisco de Almeida aliiteka Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome, na kufika 1512 walikuwa wameshaihama. Utawala wao hapa ulikuwa mfupi, lakini njia zao za bahari zilibadilisha sufuria za bahari nzima ya Hindi. Pilipili kali, viazi, mahindi, mihogo na nyanya vyote ni mimea ya Amerika. Sambusa ya Ibn Battuta haikuwa na kiazi wala pilipili kali, na haikuweza kuwa navyo. Anayedhani sambusa ya viazi ndiyo ya asili na ya nyama ndiyo ya kuiga, ameishika historia kichwa chini.

Mji ulioleta jiko la Kihindi karibu na Nangurukuru ni Kilwa Kivinje. Ulikua kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 ukawa mlango mkuu wa misafara ya kusini. Kutoka pande za Ziwa Nyasa waliletwa watumwa na pembe. Kutoka misitu ya karibu ilitoka sandarusi, na baadaye mpira. Fedha na vitambaa vya kukopesha wenye misafara vilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Ushuru wa pwani yote ya Sultani wa Zanzibar ulikodishwa kwao: kwa miongo mingi ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, kisha kwa muda, tangu 1876, kwa Taria Topan, na watu wao walikaa katika bandari kama Kivinje wakihesabu kila mzigo. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Utajiri wa mji ulikuwa umejengwa juu ya biashara hiyo, na majumba ya mawe ambayo magofu yake bado yanaonekana Kivinje yanatokana nayo kwa kiasi kikubwa.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana Wahindi wa Kivinje hawakuwa watu wa aina moja. Banyani, yaani Wahindu wafanyabiashara, kwa muda mrefu walikuja bila wake zao, wakakaa miaka kadhaa na kurudi kwao. Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu, walihamia na familia. Tofauti hiyo ni kubwa ukiitazama kutoka jikoni. Mwanamume anayekaa peke yake juu ya duka hupika wali na dengu, basi. Nyumba yenye mama, mabinti na wakwe ndiyo inayoweza kukaa alasiri nzima kutengeneza manda: madonge mawili ya unga yanasukumwa pamoja yakiwa yamepakwa mafuta katikati, yanapitishwa kidogo tu juu ya kikaango, yanabanduliwa yangali moto, yanakatwa vipande virefu, kisha kila kipande kinakunjwa pembetatu, kinajazwa na kufungwa kwa uji mzito wa unga. Ni kazi ya mikono mingi. Na katika mji wa watumwa, nadhani mikono mingi kati ya hiyo haikuwa ya wenye nyumba. Ujuzi ulitoka jikoni kwa bibi na kuingia mtaani kupitia walioagizwa kuukanda unga ule.

Ushahidi wa wazo hili, ajabu, umo ndani ya friza ya supamaketi. Sambusa za India zilizogandishwa ambazo huuzwa sana ni za mtindo wa Punjabi: ngozi nene inayovunjikavunjika, umbo lililotuna, ndani viazi na njegere. Nimezijaribu pamoja na paratha zao. Ni tamu, lakini ukiiweka moja kando ya sambusa ya Nangurukuru utaona kwamba si ndugu wa karibu. Yetu ni bapa, ngozi yake ni manda nyembamba, na ndani ni nyama ya kusaga na vitunguu. Hiyo ni sambusa ya Waislamu wa Gujarat, ya Mabohora na majirani zao. Pwani yetu haikujifunza kutoka India nzima. Ilijifunza kutoka kwa majirani waliokuwa na duka mtaa wa pili.

Chapati ina kisa kingine. Mkate wa kila siku wa Gujarat ni mwembamba, hauna tabaka, na mafuta hupakwa baada ya kuiva. Chapati ya Nangurukuru inasukumwa, inapakwa mafuta, inaviringishwa kama ganda la konokono, inasukumwa tena na kukaangwa. Kwa ufundi hiyo ni paratha, na tena ni paratha ya unga mweupe. Mtu wa Ahmedabad akiila ataitambua, ila ataona tumeipa jina la mkate mwingine. Sababu si ngumu kuikisia: kwa mtu wa pwani ngano haikuwa chakula cha kila siku. Haistawi katika joto la Kilwa. Unga wake ulitoka mbali, ulilipiwa fedha taslimu, na mtu anayepika kitu mara moja kwa wiki au siku ya Idi hachagui namna iliyo maskini zaidi.

Duka la Mhindi lilikuwa mahali pa unga huo, na pia mahali pa deni na manung'uniko. Julai 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Wamatumbi, siku chache baada ya pamba ambayo Wajerumani waliwalazimisha watu kuilima kung'olewa Nandete, wapiganaji waliteremka hadi Samanga, kaskazini mwa Kivinje, na kuyateketeza makazi ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliyokuwa hapo. Aliyeshika bunduki alikuwa Mjerumani, lakini aliyeshika daftari la madeni mara nyingi alikuwa mwenye duka. Historia ya chakula ikisimuliwa bila habari hii inakuwa tangazo la hoteli.

Kivinje ilipungua. Makao ya wilaya yakawa Masoko, barabara kuu ikapita ndani kidogo ya pwani, na njia panda ya Nangurukuru ikapata watu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha, familia nyingi za Kihindi za miji midogo zilihamia Dar es Salaam au kuondoka nchini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yachukue nafasi. Kisha vita vya Kagera, kisha uhaba. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka unga wa ngano kama kitu cha foleni na cha kufahamiana na mtu wa RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, unga ulirudi madukani. Ila kipindi kile cha njaa ya ngano kilikuwa kimeshaonyesha jambo: wenye duka walikuwa wameondoka na chapati ilibaki. Ilikuwa imeshakuwa ya mama ntilie.

Wakati huohuo chakula hiki kilikuwa kinafuata njia nyingine. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na kama 28,000 kati yao walipokelewa Uingereza, wakiungana na wengine waliokwisha kutoka Kenya na Tanzania. Wanawake ambao kwao mchana ulikuwa wa jikoni wakajikuta viwandani. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza mgomo maarufu wa kiwanda cha Grunwick, London, kuanzia 1976, na kati ya malalamiko ya wafanyakazi wale lilikuwemo la kulazimishwa kazi ya ziada jioni. Anayetoka kiwandani usiku hasukumi manda. Ufundi wa kugandisha chakula kwa haraka ulikuwepo tangu miaka ya 1920, wakati Mmarekani Clarence Birdseye alipotumia alichokiona Labrador: samaki aliyeganda ghafla katika baridi kali habadiliki ladha, kwa sababu chembe za barafu zinabaki ndogo na hazipasui nyama. Sambusa na paratha ziliingia humo bila taabu. Na kando yake, katika friza za Leicester na Wembley, ikaingia mihogo ya kugandishwa, ambayo Wahindi wa huko bado wanaiita mogo. Waliichukua kwetu.

Sasa bidhaa hizo zimerudi. Kwa mara ya kwanza tangu majahazi ya Cambay, kinachovuka bahari ni sambusa yenyewe, imeshajazwa na kukunjwa. Paratha ya friza haisubiri kuyeyuka: inatoka kwenye barafu na kuingia kikaangoni pakavu, mafuta yaliyomo ndani yanaikaanga, na tabaka zake zinaachana vizuri kuliko zangu. Kinachokosekana ni ule ukubwa na ule utafunaji wa chapati iliyokandwa kwa nguvu. Sambusa nayo ikaangwe ikiwa bado imeganda, mafuta yasiwe na moto mkali. Ukiiacha iyeyuke, ngozi inalowa na kupasuka.

Sharti la vyakula hivi ni nyuzi 18 chini ya sifuri kuanzia kiwandani hadi nyumbani, na hapo ndipo Nangurukuru inapokuwa mbali. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko. Kipande cha mwisho cha lami, Ndundu hadi Somanga, kilisubiri hadi muongo uliofuata. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara katika wilaya ya Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili. Hata Dar es Salaam yenyewe supamaketi kubwa zimekuwa wageni: Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga 2015, na Nakumatt nayo haikudumu.

Abiria wa basi hahitaji kitu cha kuganda. Ana dakika chache na anataka cha moto. Mnunuzi wa paratha hizi, zikifika huku, atakuwa Masoko: mtumishi aliyehamishiwa wilayani, mwenye nyumba ya wageni, mama anayejiandaa kwa Ramadhani. Baridi haitakuwa ngeni kwao. Pweza wa Songosongo na wa Kilwa wamekuwa wakigandishwa na kuuzwa Ulaya kwa miaka mingi, kwa hiyo baridi hapa imeshazoeleka kwa chakula kinachotoka, si kwa kinachokuja.