Kasha la barafu
Kasha la barafu ni sanduku la mbao lenye kuta mbili, linalobebwa mwaloni kuhifadhi sangara kando ya Ziwa Victoria, kama kwenye Ghuba ya Speke inayopakana na Magu. Ubora wake hutegemea kuta kuliko wingi wa barafu: kilo 1 huyeyuka kwa takriban kilojuli 334, na joto hilo hupenya pale mbao zilipoachana au mfuniko usipokaa sawasawa. Maranda yanayojazwa kati ya kuta hizo mbili yawe makavu, yasishindiliwe mno, maana hewa iliyonaswa ndiyo kizuizi; yakilowa, hayafai tena. Wapo wanaolalamika kwamba mbao hunywa maji na kushika harufu. Ni kweli, lakini bati bapa lililolehemiwa ndani, pamoja na tundu la kutolea maji, hupunguza sana kasoro hiyo. Tena kasha likivunjika, seremala wa kijijini hulitengeneza, kazi iliyo ngumu kwa la plastiki.