Dawa nafuu iliokoa maisha, halafu ikadai bei yake

1/ Mjadala wa bajeti ya afya huishia kwa swali moja: tununue dawa ya bei rahisi ifikie wengi, ama ile bora ifikie wachache? Hapa Kamakis utalisikia hata kwa meza za nyama choma. Wasee, Kenya ilishapitia hii. Uzi 👇

2/ Kufikia 2000, ARV za mwaka mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa huko Marekani na Ulaya. Februari 2001, Cipla ya India ikasema itayauzia mashirika ya misaada kwa dola 350.

3/ Kizuizi kilikuwa hataza. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, mlango wa kuagiza dawa nafuu ukafunguka. 2002 kukachomekwa marekebisho: lazima mwenye hataza akubali kwanza. Wanaharakati wakapiga kelele, yakaondolewa.

4/ Sasa ile sehemu huwa haisemwi. Ndani ya tembe hiyo nafuu kulikuwa na stavudini. Inazuia virusi kujinakili, lakini pia inabana kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu.

5/ Matokeo? Nyayo kuwaka moto, mashavu kubonyea, mikono na miguu kukonda. Wengine asidi ilijaa damuni, wakafa. Mtu aliyemeza dawa kwa siri akaanza kusomwa usoni.

6/ Tiba ya madhara hayo? Hakuna dawa iliyothibitika ya kufufua mitokondria zile. Kinachosaidia ni kubadilisha dawa mapema, kwa sababu neva zikishaumia sana mara nyingi hazirudi. Nchi tajiri zilikuwa zishaanza kuiacha stavudini. WHO ilishauri iondolewe 2009. Mbadala wake, tenofoviri, ulikuwa ghali zaidi.

7/ Hii haimaanishi stavudini ingekataliwa. Bila hiyo wengi hawangefika 2009. Shida ilikuwa kuchukulia ushindi wa 2001 kama mwisho wa safari.

8/ 2017 Kenya ikawa ya kwanza Afrika kuanza kutoa dolutegraviri isiyo ya kampuni asilia: bora, na bei nafuu. Kumbe vyote viwili vinawezekana, mradi kuna watu wanaosukuma.

9/ Kwa hivyo mgombea akikwambia uchague kati ya bei na ubora, muulize: tutahamia dawa bora lini, na pesa zitatoka wapi? Akikosa jibu, anayelipa ni mgonjwa, na analipa kwa mwili wake.